Mwalimu Karambu na Breki Ambayo Haikuwepo

Sentensi yenyewe ina maneno saba. Imo katika kumbukumbu za kamati ya kanisa moja la mlimani, juu kidogo ya Kanyakine, kifungu cha tano: "Mwalimu Karambu alisahau kuvuta breki ya mkono." Iliandikwa Jumatatu, siku moja baada ya gari lake kuteremka peke yake uwanjani na kupasua tenki la maji la akina mama. Mwenye gari hakuitwa kwenye kikao. Alisomewa sentensi hiyo jioni yake, amesimama mlangoni pake na mikono yenye unga. Msomaji alikuwa shemeji yake Kailemia, kaka wa marehemu mumewe, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati.

Alipomaliza kusoma, Kailemia alinyosha mkono, kiganja juu.

"Lete ufunguo, Mama Kendi. Ni kwa usalama. Tutakutafutia dereva."

Alimpa. Wazee wawili walikuwa wamesimama nyuma ya Kailemia, na katika boma lile shemeji hapigiwi kelele mlangoni. Tena alikuwa na ufunguo wa pili kabatini. "Mwalimu wa maabara hana ufunguo mmoja," anasema.

Gladwell Karambu ana miaka sitini na mitatu. Alifundisha fizikia kwa miaka thelathini na sita, kuanzia shule moja ya mseto karibu na Manyatta, upande wa Embu, hadi shule ya wasichana ya Imenti Kusini alikostaafia. Somo la msuguano alilifundisha kila mwaka kwa njia ileile: ubao, kipande cha mti juu yake, na mkono unaoinua ubao polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Kwa hesabu yake mwenyewe, watu wapatao elfu tatu wa milima hii wamewahi kukaa mbele ya ubao huo. Watatu kati yao walikuwa kwenye kamati iliyoandika kwamba hajui kuegesha gari mtelemkoni.

Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi au wakapanda makadamia. Yeye alikuwa tayari na ng'ombe na makadamia. Akanunua gari la spoti: Toyota Supra ya mwaka 1989, nyeupe, milango miwili, taa za mbele zinazoinuka zikiwashwa kama macho ya chura. Lilikuwa la daktari mmoja wa Nkubu ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kiti cha chini namna ile. Magoti ya mwalimu yalikubali. Wengi walimuuliza gari hilo ni la nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza Kailemia pikapu yake ya milango minne ni ya nini, ingawa tangu ainunue haijabeba hata gunia moja.

"Hii gari ni ya kijana mwenye hajui kifo," Kailemia alimwambia siku aliyolileta.

"Basi ni yangu," alimjibu. "Mimi kifo ninakijua, na kasi yake ninaweza kuikokotoa."

Jibu hilo lilikumbukwa. Mtu anayejibu hivyo, siku gari lake likiteremka, hakosi wa kumhukumu.

Inawezekanaje breki ya gari ikosekane kwa miezi minne bila mwenye gari kujua? Ni kwa sababu ya jiwe. Kati ya Nkubu na Chuka ni vigumu kupata uwanja ulio sawa. Gari likisimama popote, kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki, mtu ameshafika na jiwe: mlinzi, muuza ndizi, mzee anayetoka kwa kinyozi. Hajaombwa na hangoji shukrani. Analisukuma jiwe nyuma ya gurudumu, anapiga bodi mara mbili kwa kiganja, yaani achilia. Kumkatalia mtu jiwe lake ni kama kumkatalia maji ya kunawa. Kila duka, kila zahanati na kila kanisa lina mawe yake, yamekwisha kulainika kwa kutumika.

Ni ukarimu wa kweli, nao umeua breki za mkono za kaunti nzima. Dereva anayewekewa jiwe kila anaposimama hana siku atakayojua kama breki yake inashika.

Mwezi wa Juni Mwalimu Karambu alilipeleka gari kwenye gereji moja mjini Meru, kwa sababu lilikuwa linakwaruza nyuma. Lilikaa siku mbili. Alirudishiwa pamoja na risiti yenye mstari unaosema "shuu za handbreki, pea mbili, mpya". Shuu ni vipande vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimebandikwa gamba gumu la kukwaruza. Katika gari kama lile zimefichwa ndani ya diski za magurudumu ya nyuma, mbili kila upande. Ukivuta mkono wa breki, zinatanuka na kubana diski kwa ndani. Bila kufungua gurudumu na kung'oa diski, huwezi kuziona. Palepale gerejini mwalimu aliuvuta mkono wa breki. Ulipanda meno matano, ukakaza. Akaridhika, akaenda nyumbani.

Jumapili ya pili ya Oktoba kanisa lilipokea askofu. Uwanja wake umeinama nyuzi tisa. Mwalimu ameupima kwa kipimapembe cha shule na uzi wenye nati. Aliingiza gari, kichwa kikitazama juu, akavuta mkono wa breki, akahesabu meno matano, akatoa gea kama alivyofunzwa shule ya udereva. Mutwiri, mtunza uwanja, alikuwa ameshafika na jiwe. Alipiga bodi mara mbili. Gari likajiegemeza kidogo nyuma, likatulia. Lilitulia juu ya jiwe, na mwalimu akadhani limetulia juu ya breki.

Saa nzima baadaye, wakati wa mahubiri, liliteremka mita kumi na nne, likapita kati ya hema mbili na kugonga kitako cha tenki. Maji lita elfu tano yalimwagika hadi barabarani. Hakuna aliyeumia. Muda mfupi kabla, watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wamepanga mstari hapohapo wakinywa maji.

Jumanne, Mutwiri alikuja nyumbani kwa mwalimu, kofia mkononi, akakataa kuketi.

"Mwalimu, jiwe nilitoa mimi."

"Ulitoa kwa nini?"

"Ibada ikiendelea, tulikuwa tunapaka chokaa mawe ya kupanga kwa njia ya askofu ya kutokea. Yalipungua. Nikaambiwa nichukue ya magari."

"Nani alikuambia?"

Mutwiri alizungusha kofia. "Mwenyekiti."

Mawe saba yalitolewa nyuma ya magari saba. Magari sita yalikuwa yameachwa ndani ya gea, yakasimama. Kamati ilijua habari ya mawe, kwa maana yalikuwa yamelala pale mbele ya macho yao, meupe, kando ya njia. Katika kumbukumbu hayamo. Mwalimu Karambu angeweza kuyataja, na angeshinda. Lakini mwenyekiti angekana kwamba alitoa amri hiyo, na Mutwiri, mwenye watoto wanne na mke mgonjwa, angefukuzwa kabla ya Ijumaa.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Mimi sitasema mawe. Nitasema breki. Breki niliivuta, na breki mpya haiachilii gari nyuzi tisa. Kuna kitu ndani ya hayo magurudumu, au hakuna."

Alhamisi asubuhi alitoa ufunguo wa pili kabatini na kuendesha hadi Manyatta. Njiani alisimama mara moja tu, mahali ambapo barabara imelala, na hata hapo mwanamke wa ndizi alimjia na jiwe.

Fundi aliyemwendea anaitwa Ndambiri. Ana miaka hamsini na miwili, na gereji yake ni mabati manne na sakafu ya saruji iliyofagiliwa kuliko ya ofisi nyingi. Kazi yake ni breki. Injini anawaachia wengine. Mwaka 1988 alikuwa kidato cha pili, akikaa dawati la mwisho katika darasa la mwalimu kijana aliyeitwa Karambu.

"Mwalimu," alisema, akijipangusa mikono. "Uliniandikia kwa ripoti 'mvivu mwenye uwezo'. Baba alinichapa kwa hilo la uwezo."

"Ulikuwa mvivu."

"Na hilo la uwezo?"

"Hilo nimekuja kuliangalia leo."

Alimweleza kisa chote, pamoja na ile sentensi ya maneno saba. Ndambiri alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kamati haikufanya. Kisha alimwomba avute mkono wa breki. Meno matano, ukakaza. Aliweka bega nyuma ya gari na kusukuma. Gari lilitembea kama kigari cha sokoni.

"Imekaza na haishiki," alisema. "Hiyo siyo kuisha. Shuu zikiisha, mkono unapanda mpaka juu, unakuwa mlegevu. Hapa kuna mtu amefikiria."

Mwalimu alivua sweta, akaomba ovaroli.

"Mwalimu, keti tu, nitakuonyesha."

"Nimeonyeshwa risiti. Sasa nataka kushika."

Walipandisha sehemu ya nyuma kwa jeki na kuweka stendi mbili. Walitoa gurudumu la kushoto. Kalipa, kibanio cha breki ya mguu, waliifungua na kuining'iniza kwa waya, kwa maana ikiachwa kuning'inia kwa mpira wake wa mafuta, mpira hupasuka ndani na hakuna anayejua mpaka siku ya siku. Diski ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Fundi wa haraka huipiga nyundo; Ndambiri alimwonyesha mwalimu matundu mawili ya diski yaliyokatwa nyuzi za bolti, akampa bolti mbili na spana. Alizikaza kwa zamu, huku nusu mzunguko, kule nusu mzunguko, mpaka diski ikatoa mlio mmoja na kusogea. Waliivuta pamoja.

Ndani hakukuwa na kitu. Hakukuwa na shuu mpya, wala kuukuu, wala hata springi moja. Bamba linalobeba shuu lilikuwa tupu kama sahani iliyorambwa. Kebo ya breki ya mkono, ambayo ilipaswa kusukuma shuu, ilikuwa imezungushwa kwenye kijiti cha chuma na kufungwa kwa waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, mizunguko sita, ncha zimekunjwa vizuri ndani. Ndiyo iliyokuwa ikikaza meno matano. Mtu alikuwa ameketi chini pale Meru, akakata waya, akaupima, akavuta mkono wa breki kujaribu, akaufunga upya hadi ulipodanganya sawasawa.

Walifungua upande wa kulia. Ulikuwa vilevile, ila huko waya ulikuwa na mizunguko saba.

Mwalimu Karambu alitoa simu. Alipiga picha pande zote mbili. Kisha alikata waya kwa koleo, akautia ndani ya bahasha ya risiti. Akapiga simu gereji ya Meru, akaweka sauti ya kusikika kwa wote. Aliyepokea ndiye mwenye gereji. Alilikumbuka gari mara moja.

"Ile nyeupe ya macho. Iko sawa?"

"Ninatazama nyuma ya diski. Shuu ziko wapi?"

"Mama, hizo zilikuwa zinakwaruza. Wewe mwenyewe ulilalamika kelele. Tukatoa, kelele ikaisha."

"Risiti inasema mliweka mpya."

"Hiyo risiti ni ya kompyuta, inajiandika. Mama, tusikosane. Huku nani anatumia handbreki? Huku ni jiwe. Sijawahi rudishiwa gari kwa sababu ya handbreki, miaka kumi na moja."

"Na waya?"

"Waya ni ya kukusaidia, mkono usicheze cheze. Ukipaki, weka jiwe tu. Ama muache kijana wako akuendeshee."

Ndambiri alikuwa amesimama na spana mkononi. Alichukua simu kwa upole, akasema, "Huyu ni mwalimu wangu," akakata. Lilikuwa jambo la kipuuzi kusema, na hakupata lingine.

Inafaa kusemwa wazi kwamba mtu yule wa Meru hakuwa anaona haya. Hakujificha wala hakusingizia mtu. Alieleza, kwa sauti ya subira, kwamba kutoa breki za gari la mama mzee na kumwandikia kwamba amewekewa mpya ni huduma. Naye alikuwa na ushahidi wa miaka kumi na moja.

Shuu zilipatikana duka la vipuri mjini Embu, pamoja na springi na vijigurudumu vya meno vya kuzirekebishia. Shida ilikuwa ramani. Fundi yeyote wa breki hufungua upande mmoja na kuacha mwingine mzima, ili asahaupo atazame. Hapa pande zote mbili zilikuwa zimetekwa nyara. Ndambiri alipiga magoti na kuchora kwa chaki sakafuni, kwa kumbukumbu, mahali pa kila kitu: shuu ya mbele, shuu ya nyuma, ufito wa kati, springi mbili za juu, moja ya chini, pini za kushikilia. Alifuta springi moja, akafikiri, akaichora upande mwingine.

"Mvivu," mwalimu alisema.

"Mwenye uwezo," alijibu bila kuinua kichwa.

Walisugua bamba kwa msasa na kulipaka grisi kidogo sana mahali sita ambapo shuu hugusa, kiasi cha punje ya dengu kila mahali. Grisi ikizidi hufika kwenye gamba, na shuu yenye grisi haina tofauti na kutokuwa na shuu. Mwalimu alivaa miwani yake ya kusomea na kuanza upande wa kushoto. Pini kutoka nyuma, springi juu yake, kofia ya springi, sukuma, zungusha robo. Mara tatu kofia iliruka hadi kwenye bati. Mara ya nne ilikaa. Springi ya juu ilimkata kidole, alikinyonya, akaendelea.

Kosa lake lilikuja kwenye kijigurudumu cha meno. Aliweka cha kulia upande wa kushoto. Vinafanana kama mapacha, lakini nyuzi zake zinakwenda kinyume. Ndambiri aliona. Aliketi juu ya tairi, akamenya ndizi.

Mwalimu alirudisha diski, akaingiza bisibisi kwenye tundu dogo, akaanza kuzungusha meno kutanua shuu. Alizungusha meno kumi na tano, ishirini. Diski iliendelea kuzunguka kwa raha. Aliondoa bisibisi, akakaa kitako.

"Ninaipanua au ninaifunga?"

"Darasani ulikuwa unasema, mwanafunzi asipewe jibu kabla ya kengele."

Alimtazama. Kisha alitoa diski, akaviweka vijigurudumu vyote viwili kiganjani, akavizungusha kimoja kimoja chini ya mwanga, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alibadilisha. Safari hii meno kumi na mawili tu yalitosha: diski ikabanwa, haikusogea hata kwa mikono miwili. Akarudisha nyuma meno manane, mpaka ikazunguka huru na kunong'ona kidogo tu. Upande wa kulia aliumaliza kwa nusu ya muda huo. Ndambiri alikaza kebo yenyewe chini ya mkono wa breki, bila waya. Meno sita.

Shuu mpya hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski. Waliendesha polepole kwenye kipande cha barabara, mkono wa breki umevutwa kidogo, mita mia nne, wakapumzisha, wakarudia. Kisha Ndambiri alimwongoza hadi kwenye kona inayoteremka mtoni, mahali panapomtisha hata mwendesha mkokoteni. Gari likatazamishwa juu.

"Toa gea. Vuta. Achilia mguu."

Aliachilia. Gari halikusogea. Ndambiri alitembea hadi nyuma yake, akasimama kati ya taa mbili za nyuma, mikono kifuani. Hivyo ndivyo anavyomkabidhi mtu gari, kila gari, miaka yote. Mtu asiyeweza kusimama nyuma ya kazi yake, anasema, arudi kwao akapande mahindi.

"Toka hapo, Ndambiri."

"Umeweka wewe. Unaogopa kazi yako?"

Mwanamume mmoja alitoka kwenye shamba la jirani akikimbia, jiwe mikononi. Ndambiri alimwambia asante, aliweke tu hapo kando.

Kamati ilikutana Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi. Mwalimu Karambu alifika saa tatu na nusu, akaegesha mahali palepale, kichwa juu, mbele ya tenki jipya ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshaagiza. Hakuwahi kubisha kuhusu tenki. Gari lililolivunja ni lake. Alichokataa ni maneno saba.

Mutwiri alikuja na jiwe.

"Liweke chini, Mutwiri."

"Mwalimu, mwenyekiti alisema hasa hii gari..."

"Nimesikia. Liweke chini."

Wajumbe walipotoka nje kuona ni kwa nini mwalimu haingii, walimkuta amesimama nyuma ya gari lake, kati ya taa mbili, na bahasha mkononi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa vizuri. Alikuwa hapo kwa dakika ishirini.

"Mama Kendi, hapo ni hatari," Kailemia alisema. "Na hii gari imefikaje hapa? Ufunguo ninao mimi."

"Shemeji, mlango uko wazi. Ingia uangalie gea."

Aliyeingia ni Joyline, katibu wa kamati, ambaye naye aliwahi kukaa mbele ya ule ubao ulioinama. Alitikisa gea huku na huku. "Haina gea," alisema. "Iko kwa handbreki peke yake."

Mwalimu alifungua bahasha. Aliwapa picha, risiti, na waya wa vipande viwili, mizunguko sita na mizunguko saba. Alieleza kwa maneno machache: nini kilipaswa kuwemo, nini kilikuwemo, nani aliandika nini. Hakutaja mawe. Mutwiri alikuwa ametazama chini wakati wote.

Kailemia aligeuzageuza waya. "Sawa. Sasa imetengenezwa, Bwana asifiwe. Lakini kumbukumbu zilishapitishwa. Na bado, dereva mzuri angejua breki yake haiko. Miezi minne?"

Mwalimu Karambu alitazama magari yaliyokuwa uwanjani asubuhi hiyo. Yalikuwa matano mbali na lake, na nyuma ya kila moja kulikuwa na jiwe, mengine bado meupe kwa chokaa ya askofu. La karibu zaidi lilikuwa nyuma ya pikapu.

"Shemeji," alisema, "wewe ni dereva mzuri. Ingia kwa pikapu yako. Toa gea, vuta breki ya mkono, achilia mguu. Mutwiri ataondoa jiwe. Mimi nitasimama nyuma."

Jogoo wa jirani aliwika mara mbili.

"Hii si siku ya michezo," Kailemia alisema.

"Basi simama nyuma wewe, niingie mimi."

Kailemia alitazama pikapu, akatazama mtelemko, akatazama tenki jipya la akina mama mwisho wake. Watu watano walimwona akifanya hesabu hiyo. Kisha aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa ule ufunguo wa Supra, wenye kamba ya ngozi, akamnyoshea bila kumtazama usoni. Hakuomba radhi. Alisema mkutano umechelewa.

Ndani, mwalimu alikaa kiti cha nyuma kabisa, akangoja ajenda ifike kwa mambo yatokanayo na kumbukumbu zilizopita, ambapo sentensi iliyopitishwa inaweza kusahihishwa. Alikuwa katibu wa bodi ya shule miaka tisa na anajua taratibu kuliko mwenyekiti. Kifungu cha tano kilipotajwa, alisimama. Mwenyekiti alijaribu kusonga mbele hadi cha sita. Joyline alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi.

"Niandike aje, Mwalimu?"

"Andika hivi. Mwalimu Karambu alivuta breki ya mkono. Breki ya mkono haikuwepo."

Joyline aliandika, akasoma kwa sauti, na wawili wakaunga mkono. Mwenyekiti alisema iandikwe pia kwamba kamati inawashauri waumini wote kuendelea kuweka mawe. Hiyo nayo iliandikwa, ikapita kwa kauli moja, isipokuwa mtu mmoja.